Baba, Mwana na Gitaa la Feltham

Mwezi Agosti 1963, katika nyumba ya kawaida huko Feltham, magharibi mwa London, kijana wa miaka 16 na baba yake walianza kuchonga gitaa la umeme. Karakana hawakuwa nayo. Walikuwa na chumba kimoja cha akiba walichokigeuza cha kazi, zana za mkono, na vitu vingi ambavyo nyumba nyingine zingevitupa. Kazi iliwachukua karibu miaka miwili. Kijana aliitwa Brian May. Baba yake, Harold, alikuwa fundi wa elektroniki na mchoraji wa michoro ya kiufundi katika wizara iliyoshughulikia usafiri wa anga. Gitaa lililotoka katika chumba kile ndilo lililosikika baadaye katika sehemu kubwa ya rekodi za bendi ya Queen, na May, ambaye sasa amepita miaka 70, bado anapanda nalo jukwaani.

Sababu ya kwanza ya kulichonga ilikuwa fedha. Kuanzia 1951 hadi 1959 Serikali ya Uingereza ilizuia magitaa ya Kimarekani yasiingie nchini, kwa kuwa baada ya vita dola zilikuwa adimu. Mwaka 1959 mwimbaji Cliff Richard alimwagizia mpiga gitaa wake, Hank Marvin wa kundi la The Shadows, Stratocaster nyekundu kutoka kampuni ya Fender, na vijana wa Uingereza wakaiona kwenye picha na jukwaani wakashindwa kulala. Marufuku ilipoondolewa, bei ilibaki pale pale ilipokuwa: juu ya uwezo wa nyumba ya mtumishi wa Serikali. May alikuwa na gitaa la kawaida la mbao, la kampuni ya Egmond, alilopewa alipotimiza miaka 7. Alikwisha kulifungia sumaku na waya ili litoe sauti ya umeme. Alichotaka sasa ni gitaa lililo la umeme tangu mwanzo, na lenye mambo ambayo hata Fender hawakuwa nayo.

Hapa inafaa kueleza kwa nini jambo hili liliwezekana kabisa, maana si kila ala inaweza kutengenezwa na mtu na baba yake nyumbani. Gitaa la mbao lisilo la umeme hutegemea tumbo lake. Ubao wa mbele lazima uwe mwembamba wa kutosha kutetemeka na imara wa kutosha kubeba mvutano wa nyuzi, na kuupata unene huo ni ujuzi wa miaka mingi. Gitaa la umeme limeondoa mzigo huo. Chini ya nyuzi za chuma kinakaa kidude wanachokiita pikapu: sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi unapotetemeka juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku, na mtikisiko huo unazaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya. Mkondo unakwenda kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka kwenye spika. Mbao ina sehemu yake katika sauti, lakini haifanyi tena kazi yote.

Aliyeifanya njia hii kuwa biashara alikuwa George Beauchamp, mpiga gitaa wa Los Angeles, ambaye mwaka 1931, pamoja na Adolph Rickenbacker, alileta gitaa la umeme lenye umbo la kikaango. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937. Miaka kadhaa baada ya gitaa lile la kwanza, mpiga gitaa Les Paul aliomba ruhusa ya kutumia kiwanda cha Epiphone mjini New York siku za Jumapili, kiwanda kikiwa kimya. Alichukua gogo la msonobari la inchi 4 kwa 4, akalifungia shingo, nyuzi na pikapu alizozitengeneza mwenyewe. Lilifanya kazi. Kwa kuwa watu hawakupenda kumwona mtu akipiga gogo, alipasua gitaa la kawaida katikati akalibandika nusu zake pande mbili, likapata sura ya ala. Kampuni ya Gibson ililikataa wazo lake kwa miaka, hadi 1952 ilipotoa gitaa lenye jina lake. Wakati huo Leo Fender, mwenye duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, alikwisha kuingia sokoni. Fender hakujua kupiga gitaa. Alijua kwamba kifaa kinachoharibika lazima kifunguke, kwa hiyo shingo za magitaa yake alizifunga kwa skrubu nne badala ya gundi. Uamuzi huo wa fundi redio ndio uliowapa watu wa nyumbani mlango, maana tangu siku hiyo mtu mwenye bisibisi aliweza kuifungua ala ya thamani, akaona ilivyo, na kuirudisha.

Pikapu yenyewe nayo haina siri. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1, aliziwekea likembe zake, ala za vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, umeme kwa pikapu alizozitengeneza kwa mkono, sumaku zikitoka kwenye vipuri vya magari makuukuu. Aliyezisikia likembe hizo katika albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 anajua kwamba sauti yake haifanani na ya kiwanda chochote. Mantiki ni ile ile ya Beauchamp: sumaku, waya wa shaba, na sikio linalosema bado au tayari.

Turudi Feltham. Shingo ya gitaa ilitoka kwenye mbao ya mahogani iliyokuwa sehemu ya juu ya meko ya kuotea moto katika nyumba ya zamani. Rafiki wa familia alikuwa akiitupa. Mbao ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100, kavu na ngumu, na May aliichonga kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka ikawa shingo nene kuliko za dukani. Wadudu walikuwa wameitoboa. Matundu mawili aliyokutana nayo aliyaziba kwa vijiti vya kiberiti. Ndani ya shingo alipitisha ufito wa chuma wa kuizuia isipinde, kwa kuwa nyuzi sita zikikazwa zinaivuta mbao mchana na usiku, na mbao isiyosaidiwa hukubali.

Ubao wa vidole ulikuwa wa mwaloni, uliopakwa rangi nyeusi ili ufanane na abunusi, kisha ukafunikwa kwa vanishi ngumu ya plastiki. Alama nyeupe zinazomwonyesha mpigaji mahali alipo ni vifungo vya lulu vilivyotoka kwenye sanduku la cherehani la mama yake. Nimeona maandishi mengi yanayovitaja vifungo hivi kama kichekesho cha umaskini, nami naona yanakosea. Gamba la ndani la chaza, linalong'aa kama lulu, ndilo hasa linalotumika kwenye magitaa ya bei kubwa. Kijana alijua anachokitafuta, akakipata kabatini.

Sehemu inayowashinda wengi wanaojaribu kuchonga gitaa nyumbani ni freti, vile vipande vya chuma vinavyopita shingoni. Mahali pa kila freti panatoka kwenye hesabu, na jicho halifai hapo. Urefu wa uzi unaotetemeka unagawanywa kwa 17.817, jibu ni umbali wa freti ya kwanza kutoka mwanzo wa uzi. Urefu uliobaki unagawanywa tena kwa namba hiyo hiyo, na kuendelea hivyo. May alichagua uzi wa inchi 24, yaani karibu milimita 610, mfupi kuliko wa Fender wenye inchi 25.5. Kwa hiyo freti ya kwanza ilikaa milimita 34.2 kutoka mwanzo, ya 12 katikati kabisa ya uzi, na ya 24, ambayo magitaa mengi ya wakati ule hayakuwa nayo, kwenye robo tatu. Ukikosea milimita moja karibu na mwanzo, sikio linaweza kuvumilia. Ukikosea kiasi hicho kule juu ambako freti zimekaribiana, gitaa halitakaa sawa maisha yake yote, hata ulipeleke kwa fundi gani.

Kiwiliwili kilijengwa kuzunguka kipande cha mwaloni kutoka kwenye meza ya zamani. Pembeni yake walitumia blokibodi, ile mbao ya vipande vilivyobanwa pamoja ambayo maseremala hutengenezea makabati, wakaacha vyumba vya hewa ndani, halafu wakafunika mbele na nyuma kwa vinia ya mahogani. Kingo walizizungushia ukanda mweupe wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya rafu. Vyumba vya hewa vilikuwa na kusudi. May alitaka gitaa ambalo, likisogezwa karibu na amplifaya yenye sauti kubwa, lingeanza kuimba lenyewe: sauti ya spika inaitikisa mbao, mbao inautikisa uzi, uzi unairudishia spika. Wapigaji wengi waliuona mlio huo kuwa kasoro, na watengenezaji walipambana kuuondoa. Huyu kijana aliuchongea makazi.

Kazi iliyoonyesha zaidi kichwa cha Harold ni tremolo, kile chombo chenye mkono ambao mpigaji anaukandamiza ili kulegeza nyuzi zote kwa pamoja na sauti ishuke kisha ipande. Tatizo la tremolo za wakati ule lilikuwa msuguano. Ukiukandamiza mkono na kuuachia, nyuzi hazirudi mahali pake hasa, na gitaa linatoka kwenye sauti. Baba na mwana walikiegemeza kipande cha chuma kinachoshika nyuzi juu ya makali ya chuma kilichofanywa kigumu, kama mkono wa mizani unavyokaa juu ya makali yake, ili pasiwe na sehemu pana ya kusuguana. Upande wa pili, kupingana na mvutano wa nyuzi, waliweka springi mbili za vali za pikipiki aina ya Panther ya mwaka 1928. Mkono wenyewe ulikuwa chuma cha kubebea mkoba nyuma ya tandiko la baiskeli, na ncha yake ya plastiki ilikatwa kwenye sindano ya kufumia. Darajani, mahali nyuzi zinapopita, waliweka vigurudumu vidogo vya chuma, kimoja kwa kila uzi, vilivyotengenezwa kwa mkono, ili uzi uende na kurudi bila kukwama. Vigurudumu hivyo havijafungwa. Uzi unaovishikilia ukikatika jukwaani kimoja kinaweza kudondoka, na May amewahi kuvipoteza.

Ukiitazama orodha hii ya vitu bila kuyatazama makusudi yake, utadhani ni hadithi ya watu waliokosa wakaokoteza. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Springi ya vali ya injini imetengenezwa ikandamizwe na kuachiwa mara mamilioni bila kupoteza nguvu. Ni vigumu kukipata chuma bora kwa kazi ile hata ukiwa na fedha. Watu hawa wawili walianza na swali la ufundi, ndipo wakafungua kabati. Aliyewahi kufanya kazi ya mikono anajua kwamba mpangilio huo ndio tofauti yote kati ya kitu kinachodumu miaka 60 na kitu kinachoishia uvunguni.

Pikapu za kwanza alizisokota May mwenyewe, kwa sumaku za dukani. Zilisikika vizuri mpaka alipovuta uzi kando, jambo ambalo wapiga gitaa hulifanya kila wakati ili kupandisha sauti. Hapo mlio ulikwaruza, kwa sababu ya jinsi ncha za sumaku zilivyopangwa chini ya nyuzi. Alikubali kushindwa mahali hapo akanunua pikapu tatu za kampuni ya Kiingereza ya Burns, aina ya Tri-Sonic. Nazo zilikuwa na ugonjwa wake. Waya wa ndani haukukaa imara, kwa hiyo ulitetemeka na kupokea kila mgongano kama kipaza sauti. May alizijaza gundi ya Araldite, waya ukashikwa mahali pake, na ugonjwa ukaisha.

Kisha akazipangia umeme kwa namna yake. Magitaa mengi ya dukani yalikuwa na swichi moja ya kuchagua pikapu. Yeye aliweka swichi sita ndogo za kusukuma: kila pikapu na swichi yake ya kuwasha na kuzima, na nyingine ya kugeuza mwelekeo wa mkondo. Hiyo ya pili ndiyo yenye maajabu. Pikapu mbili zikiwashwa pamoja zikielekea upande mmoja, sauti zao zinajumlishwa na kuwa nene. Ukigeuza moja, zinapingana. Sehemu ya sauti iliyo sawa katika zote mbili inafutana, hasa ile ya chini, na kinachobaki ni sauti nyembamba, kali, inayopenya katikati ya ngoma na kinanda. Kwa mpiga solo huu ni utajiri, na ulitokana na swichi za bei ndogo.

Mwaka 1964, gitaa likiwa bado katikati ya ujenzi, familia moja iliingia Feltham ikitokea mbali. Bomi Bulsara alikuwa karani wa fedha katika mahakama ya Zanzibar chini ya utawala wa Waingereza. Mwanawe Farrokh alizaliwa huko Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni India, akarudi nyumbani 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia iliondoka, ikapata nyumba Gladstone Avenue. Kwa hiyo kijana wa Mji Mkongwe ambaye dunia ingemjua kwa jina la Freddie Mercury, na gitaa ambalo lingezibeba nyimbo zake, walikuwa katika kitongoji kimoja kwa miaka kadhaa bila kukutana. Ilikuwa mpaka May aingie chuo cha Imperial kusoma fizikia, aanzishe bendi ya Smile mwaka 1968 pamoja na Roger Taylor na Tim Staffell, na Staffell amlete rafiki yake wa chuo cha sanaa cha Ealing. Queen ilianza 1970. Mwaka 2016, bamba la buluu la kumbukumbu lilipowekwa kwenye nyumba ya Gladstone Avenue, May alikuwa pale kulizindua.

Mwaka 1971 aliingia mpiga besi John Deacon, naye mtu wa bisibisi. Alikiona kipande cha saketi kwenye pipa la takataka za ujenzi, akakipeleka nyumbani, akakifunga kwenye kasha la spika, na kikawa amplifaya ndogo inayotumia betri. May aliunganisha gitaa lake hapo na kugundua kwamba linaweza kuigiza filimbi na tarumbeta. Katika albamu ya A Night at the Opera ya 1975, wimbo wa Good Company una sehemu inayosikika kama bendi nzima ya jazi ya zamani. Ni gitaa la Feltham, limerekodiwa tabaka juu ya tabaka kupitia kile kikasha. Ndiyo maana majalada ya albamu za mwanzo za Queen yalisisitiza kwamba humo hamna sinthesaiza. Watu hawakuamini masikio yao, na bendi ilitaka kazi ya mikono itambuliwe.

Harold hakufurahi. Mtu aliyekaa na mwanawe usiku mwingi juu ya shingo ile aliona uchungu mwanawe alipoiacha shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga na kwenda kupiga gitaa hilo hilo kwa riziki. Kwa muda uhusiano wao ulikuwa mgumu. May ameeleza mwenyewe jinsi ulivyopona: aliwapandisha wazazi wake Concorde, ndege ambayo Harold alishiriki kuisanifia mfumo wa kutua pasipo kuona lakini hakuwahi kuipanda, akawapeleka New York kuisikiliza Queen katika ukumbi wa Madison Square Garden. Baada ya usiku ule baba alielewa. Shahada May aliimaliza mwaka 2007, juu ya vumbi lililoko angani kati ya sayari.

Upande wa pili wa Atlantiki, ufundi wa nyumbani ulikwenda kwa njia nyingine kabisa. Katika miaka ya 1970 vipuri vya gitaa vilianza kuuzwa kimoja kimoja. Larry DiMarzio alitoa pikapu zenye nguvu kuliko za viwandani. Seymour Duncan, ambaye ujanani alisokota waya wa pikapu kwa kutumia meza ya gramafoni inayozunguka, alifungua kampuni yake California mwaka 1976. Mtu aliweza sasa kununua shingo hapa na kiwiliwili kule.

Eddie Van Halen alikuwa mtoto wa baba Mholanzi na mama mwenye asili ya Indonesia, aliyehamia Pasadena mwaka 1962. Alitaka sauti nene ya pikapu za koili mbili za Gibson na tremolo ya Fender kwenye gitaa moja, na hakuna aliyeliuza. Alinunua kiwiliwili chenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Akakichimba kiwiliwili kwa patasi, akaingiza pikapu ya Gibson, akaiweka upande kwa kuwa nafasi kati ya nyuzi za Fender ni pana kuliko za Gibson. Pikapu ilipiga kelele, ugonjwa ule ule wa waya unaotikisika uliomsumbua May. Van Halen hakutumia gundi: aliyeyusha nta kwenye kopo la kahawa na kuitumbukiza ndani. Kadhaa ziliharibika kwa joto kabla hajajua muda wa kuitoa. Kisha akabandika gitaa utepe, akalipulizia rangi ya baiskeli, akabandua utepe, ikabaki ile mistari myeusi na myeupe inayoonekana kwenye jalada la albamu ya Van Halen ya mwaka 1978. Baadaye aliongeza nyekundu. Chini ya tremolo alifunga kwa skrubu sarafu ya senti 25 ya mwaka 1971, kazi yake kuizuia isivutike kupita kiasi.

May na baba yake walipima kabla ya kukata. Van Halen alikata, akasikiliza, akakata tena. Moyo wangu uko Feltham, lakini nakiri kwamba njia ya Pasadena ndiyo iliyozaa wafuasi wengi, maana kila kijana aliyeiona picha ya jalada lile alijua kwamba gitaa lake mwenyewe linaweza kufunguliwa jioni hiyo hiyo.

Kisha wakaja waliotaka gitaa jipya lionekane kuukuu. Asili ya hamu hii ni vanishi. Viwanda vya miaka ya 1950 vilipaka nitroselulosi, ambayo hukauka kwa kimiminika chake kuyeyukia hewani na kuacha utando mwembamba. Utando huo hugeuka manjano kwa mwanga, hupasuka mistari midogo baridi ikija ghafla, na hulika pale mkono unapoegemea. Stratocaster ya mwaka 1961 ya Rory Gallagher, mpigaji wa Ireland, ilifika mahali ikabaki mbao tupu kwa jasho la miaka mingi. Watu walimpenda Gallagher, wakaipenda na mbao yake. Vanishi za plastiki zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1960 ni nene na ngumu, na hazizeeki hivyo.

Vince Cunetto wa Missouri alianza kuzeesha vipuri nyumbani kwake kwa kuvipenda tu. Fender walipoonyesha magitaa mawili ya namna hiyo kwenye maonyesho ya biashara ya muziki ya Januari 1995, wageni wengi walidhani ni ya miaka ya 1950 yaliyoletwa kama kumbukumbu. Oda zikamiminika, na kwa miaka michache Cunetto aliwazeeshea Fender viwiliwili na shingo kwa mkataba. Mbinu zenyewe leo zinajulikana na kila anayefanya kazi hii sebuleni. Kiwiliwili kilichopakwa nitroselulosi kinawekwa kwenye jokofu kisha kinatolewa kwenye joto, vanishi inapasuka. Skrubu zinaachwa juu ya mvuke wa asidi zishike kutu. Plastiki nyeupe inalowekwa kwenye chai au kahawa. Kingo zinasuguliwa kwa msasa pale tu mkono wa mpigaji ungegusa, na hapo ndipo wanaoanza hukosea: wanachubua kila mahali, na gitaa linaonekana kama limeburutwa barabarani badala ya kupigwa. Anayetaka kujaribu aifanye kazi hii nje penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa vanishi hii inawaka upesi na mvuke wake unaumiza mapafu.

Mwaka 2007 Fender walitoa nakala 300 za gitaa la Van Halen, kila moja kwa dola 25,000, zenye kila mkwaruzo, kila alama ya moto wa sigara, na sarafu ya 1971 mahali pake. Gitaa la May lilipata bahati nyingine. Mwaka 1998 fundi Greg Fryer wa Australia alilifungua na kulikarabati kwa uangalifu mkubwa, baada ya kujenga nakala tatu ili alielewe. Kazi hizo mbili ninazitenga. Fryer alinakili ili aweze kutibu, na katika hilo naona heshima kwa mikono ya watu wawili waliolichonga.

Wanaozeesha magitaa nyumbani sina ugomvi nao. Wengi ni mafundi wazuri wanaojifunza vanishi, kutu na mbao kwa undani kuliko wauzaji. Ninachokiogopa ni gitaa lao linapotoka mkononi mwao. Magitaa ya Les Paul yenye rangi ya machweo ambayo Gibson walitengeneza kati ya 1958 na 1960 hayafiki 2,000, na bei yake imewavuta waghushi kwa miongo. Gitaa lililozeeshwa kwa upendo mwaka huu linaweza kuuzwa mara tatu, na mnunuzi wa nne akaambiwa ni la 1959. Kwa hiyo anayezeesha gitaa aandike mwaka halisi na jina lake mahali ambapo hapaonekani bila kulifungua gitaa. Mahali hapo pana desturi tayari. Katika kiwanda cha Fullerton wafanyakazi waliandika tarehe kwa penseli mwishoni mwa shingo, upande unaofichwa na skrubu nne, na wengine waliweka herufi zao; za Tadeo Gomez, TG, zinaonekana kwenye shingo nyingi za miaka ya 1950. Tarehe hiyo ni ya siku shingo ilipochongwa, gitaa zima lingeweza kukamilika wiki au miezi baadaye. Lakini mpaka leo, kabla Stratocaster ya zamani haijabadilisha mmiliki kwa bei ya nyumba, mtu huzilegeza zile skrubu na kusoma penseli.